Pesa zikiadimika mjini, huwa zimekwenda wapi?

"Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Embakasi, Nairobi, na nimefanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha uchapishaji huko Industrial Area. Mshahara wangu kabla ya makato ni Sh48,000. Ovataimu ilikatwa kitambo, na mwezi uliopita wenzetu sita wa kibarua waliambiwa wasirudi. Bosi anasema ni mdororo wa uchumi, lakini redioni naambiwa uchumi unakua. Nani mkweli? Na kama pesa zimepotea, zimekwenda wapi, maana Kilimani magorofa bado yanapanda? Kwa nini serikali inatuongezea makato wakati huu ambapo hatuna kitu? Nina akiba ya Sh310,000 kwenye Sacco na mkopo uliobaki wa Sh140,000. Kuna dalali ananiuzia ploti Joska kwa Sh450,000 na anataka jibu kufikia Ijumaa. Shemeji ananiambia nitoe akiba ninunue, kwa sababu ardhi haishuki bei. Ndugu yangu aliye Marekani humtumia mama kijijini dola 150 kila mwezi, na hizo pia mama analalamika zimepungua. Silali vizuri. Nifanye nini?"

Dada yangu, asante kwa kuziweka hesabu zako wazi. Wengi huniuliza wafanye nini na pesa zao bila kutaja hata shilingi moja. Nikiisoma barua yako, naona maswali yote yamekalia hofu moja: kwamba yaliyowapata wale sita yako njiani kuja kwako, nawe unatafuta pa kuifichia akiba kabla hayajafika. Nitaanza na maswali ya uchumi, kwa sababu ukishaona mambo haya yanavyokwenda, la ploti litakuwa limejijibu karibu lote.

Bosi wako na redio wanaweza kuwa wakweli wote wawili. Kwa wanauchumi, mdororo ni pale pato la taifa linapopungua, na kipimo kilichozoeleka ni likipungua robo mbili za mwaka mfululizo. Kwa kipimo hicho, mwaka 2024 Kenya haikuwa katika mdororo. Uchumi ulikua kwa asilimia 4.7. Mwaka ambao pato letu lilipungua kweli ni 2020, wakati wa korona, nalo lilipungua kwa asilimia 0.3 tu. Hata 2008, pamoja na ghasia za baada ya uchaguzi na misukosuko ya benki za Marekani, tulikua kwa asilimia 0.2, yaani tulisimama pale pale.

Lakini wastani una siri zake. Katika ule mwaka wa asilimia 0.3, shughuli za hoteli na mikahawa zilianguka kwa karibu nusu huku kilimo kikikua. Shirika la Kitaifa la Takwimu lilihesabu nafasi za kazi zaidi ya 700,000 zilizopotea. Mhudumu wa hoteli kule Diani aliyerudi kwao na begi moja hakuona hiyo asilimia 0.3, yeye aliona nusu nzima ikimwangukia. Kwa hiyo sekta moja, hata kiwanda kimoja, kinaweza kuwa na mdororo wake peke yake ndani ya nchi ambayo takwimu zinasema inakua. Tena pato la taifa kukua si sawa na mshahara kukua. Baada ya korona tulipita miaka kadhaa ambapo bei zilipanda mbio na mishahara ikazifuata kwa kuchechemea. Kwa hiyo unapohisi unarudi nyuma wakati redio inasema tunasonga mbele, hisia zako hazijakosea hesabu.

Sasa, pesa zimekwenda wapi? Swali hili nalipenda, na jibu lake nililiona kwenye sufuria.

Wakati mmoja nilikuwa na ofisi karibu na Enterprise Road, na mchana nilikula kwa mama mmoja aliyepika nje ya geti la kiwanda. Alikuwa na sufuria mbili kubwa, moja ya githeri na moja ya madondo, na kijana wa kuosha sahani. Kiwanda kilipokata ovataimu, wafanyakazi hawakufutwa, mshahara wa kawaida ulikuwa pale pale. Kilichotoweka ni sahani ya jioni, ile ya kula kabla ya kuingia zamu ya ziada. Baada ya wiki tatu hivi sufuria ya madondo ilibaki nyumbani. Parachichi alizokuwa akinunua soko la Wakulima kila asubuhi akawa anazinunua mara mbili kwa wiki. Yule kijana akaambiwa aje Jumatatu na Ijumaa tu. Na kijana naye, sina shaka, kuna muuza mitumba au mwenye nyumba aliyemkosa.

Hapo hakuna aliyeiba. Noti zilikuwa zile zile. Ila noti ya 200 iliyokuwa ikipita mikono mitano kwa wiki sasa ilipita miwili, kisha ikalala mfukoni mwa mtu mwenye wasiwasi kama wewe. Matumizi yangu ni mapato yako, na matumizi yako ni mapato ya mwingine. Kila mmoja akiamua kujibana siku moja, jambo ambalo kwa mtu mmoja ni busara kabisa, mapato ya wote yanashuka na sababu ya kujibana inazidi. Ndivyo mdororo unavyojilisha. Kwa hiyo anayesema "pesa zimepotea" ana maana kwamba zimepunguza mwendo. Kwa nchi ambayo zaidi ya wanne kati ya kila wafanyakazi watano wako katika sekta isiyo rasmi, mwendo huo ndio mshahara wenyewe. Mama wa githeri hana barua ya kufutwa kazi ya kumwonyesha mtu. Sufuria yake ndiyo hupungua.

Mali za matajiri nazo huumia, ila kwa namna nyingine. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa Sh5 kila moja, na watu walikopa ili wazinunue. Kufikia mapema 2009 zilikuwa chini ya Sh3. Aliyekopa, benki ikamdai, akauza hapo, alipoteza kweli. Aliyekuwa na chakula na karo bila kuzigusa alingoja, na miaka iliyofuata bei ikapita ile ya mwanzo kwa mbali. Marekani ilikuwa vivyo hivyo kwa kipimo kikubwa. Soko lao la hisa lilipoteza zaidi ya nusu ya thamani kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, na kufikia 2013 lilikuwa limerudi lilikokuwa. Ukosefu wa ajira ulipanda kutoka asilimia 5 hadi 10 mnamo Oktoba 2009, nao haukurudi asilimia 5 hadi mwishoni mwa 2015. Mwenye mali hupoteza bei. Mwenye mshahara hupoteza miezi, na mwezi uliokosa kulipwa haurudi hata soko likipanda namna gani.

Ndiyo maana unaona magorofa Kilimani. Mengine yalianzishwa zamani na mwenyewe hawezi kuyaacha ghorofa ya nne, maana jengo lisilo na paa halilipi benki. Mengine ni ya watu wenye pesa mkononi wakati wengine hawana, na kwao nyakati ngumu ni msimu wa kununua. Mnamo Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu, yaani hati inayoitumia kukopa kwa wananchi, kwa faida ya asilimia 18.46 kwa mwaka, bila ushuru. Aliyekuwa na milioni kumi zisizo na kazi aliweza kuzikalisha pale akapata zaidi ya Sh1.8 milioni kwa mwaka bila kuamka asubuhi. Sehemu ya pesa unazozitafuta ziliingia humo.

Na hapo ndipo bosi wako anapoingia, ingawa sijui kama anajua kueleza hivi. Serikali ikikopa humu nchini kwa riba kubwa, benki haina haja ya kuhangaika na mchapishaji wa Industrial Area anayetaka mkopo wa kununua karatasi. Mwaka 2024 Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, ili kuzuia bei na kuiokoa shilingi iliyokuwa imefika karibu 160 kwa dola. Riba hiyo imeshushwa mara nyingi tangu Agosti mwaka huo, lakini nafuu hufika geti la kiwanda ikiwa imechelewa. Jambo la pili ni madeni ya serikali kwa watu wanaoiuzia vitu. Wizara na kaunti huchukua fomu, vitabu na mabango, kisha malipo yanakaa mwaka, miwili. Ikiwa kiwanda chenu kina wateja wa aina hiyo, inawezekana kabisa bosi anadai mamilioni na bado hana pesa za kulipa ovataimu. Muulizeni kwa heshima. Jibu lake litawaambia mengi kuliko redio.

Kuhusu makato, una haki ya kukasirika, na mimi niko upande wako zaidi ya nusu. Nchi nyingi, uchumi ukilegea, serikali huongeza matumizi au hupunguza ushuru ili ile noti ianze kutembea tena. Hata sisi tumefanya hivyo. Mwaka wa bajeti wa 2009/10 kulikuwa na mpango wa Sh22 bilioni wa kuchochea uchumi, wa kujenga shule, masoko na vituo vya afya. Mnamo Aprili 2020 ushuru wa thamani ya ziada ulishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, wenye mapato yasiyozidi Sh24,000 kwa mwezi wakaondolewa ushuru wa mshahara, na vijana wa mitaa ya mabanda wakapewa kazi ya kusafisha mitaro kupitia Kazi Mtaani. Kufikia Januari 2021 ushuru wa thamani ya ziada ulikuwa umerudishwa asilimia 16.

Kilichobadilika ni deni. Anayekwenda dukani akiwa na daftari safi hukopeshwa unga. Anayedaiwa tayari huambiwa alipe kwanza. Deni la umma limepita Sh10 trilioni. Ile bondi ya dola bilioni 2 tuliyokopa 2014 ilipokaribia kuiva Juni 2024, tulilazimika kukopa dola bilioni 1.5 nyingine, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, ili kuilipa. Serikali ikiwa katika hali hiyo haiwezi kumwaga pesa barabarani hata ikitaka. Yenyewe inatafuta pa kuzitoa. Mwaka huo huo Mswada wa Fedha ulitaka kukusanya Sh346 bilioni zaidi, vijana wakaingia barabarani, mswada ukaondolewa na bajeti ikakatwa. Ila bajeti haikatwi popote tu. Mishahara ya serikali na malipo ya madeni hayaguswi kirahisi, kwa hiyo panga huangukia barabara, vifaa na kandarasi. Tumerudi kwa mchapishaji asiyelipwa.

Lawama yangu kwa serikali ni kwamba hukimbilia mshahara kwa sababu mshahara hauna pa kujificha. Tazama wako. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ni Sh720. Bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 ni Sh1,320. NSSF, akiba ya uzeeni, ya asilimia 6 ni Sh2,880. Jumla ni Sh4,920, na ushuru wa mapato haujaguswa. Kabla ya Februari 2023 NSSF ilikuwa Sh200. Hata hivyo, usiyaweke yote kapu moja: zile za NSSF ni zako, mwajiri anakuongezea kiasi kama hicho, na kiwanda kikifungwa kesho zinabaki kwa jina lako. Hakikisha tu zinafika. Kampuni inayobanwa mara nyingi huanza kwa kukata bila kuwasilisha, na wewe unaweza kuangalia akaunti yako ya NSSF mwenyewe kwa simu.

Malalamiko ya mama kijijini nayo yana maelezo rahisi. Dola 150 mnamo Januari 2024 zilikuwa karibu Sh24,000. Miezi michache baadaye shilingi ilipopata nguvu hadi karibu 129 kwa dola, dola zile zile zikawa Sh19,000 na kidogo. Ndugu yako hajapunguza kitu. Mwambie mama asimkasirikie.

Sasa tuingie nyumbani kwako. Shemeji anasema ardhi haishuki bei. Nimelisikia neno hili miaka yote, na lina nusu ya ukweli. Bei ya kutajwa haishuki, kwa sababu mwenye ploti ni mkaidi. Kinachoshuka ni idadi ya wanunuzi. Nyakati ngumu ploti ya futi hamsini kwa mia inaweza kuandikiwa Sh450,000 mwaka mzima bila mtu kupiga simu, na ukiitaka pesa kwa karo ya Januari utaiuza kwa Sh300,000 kwa mtu asiye na haraka. Ardhi ni nzuri kwa anayeweza kungoja. Wewe hivi sasa, ukiwa na hofu ya mshahara kukatika, huwezi kungoja.

Na hesabu yenyewe haifiki. Sh310,000 ukitoa mkopo wa Sh140,000 zinabaki Sh170,000. Utahitaji Sh280,000 zaidi, yaani mkopo mpya, juu ya kazi ambayo huna uhakika nayo. Tena akiba ya Sacco haitolewi kama ya M-Pesa. Ni lazima ujiuzulu uanachama, Sacco nyingi hutaka notisi ya siku 60, na kama umemdhamini mwenzako utangoja apate mdhamini mwingine. Hata ungetaka, Ijumaa isingewezekana.

Kuna habari njema ambayo huenda hukuiona. Deni lako ni dogo kuliko akiba yako. Ukipoteza kazi leo, Sacco inaweza kukata mkopo kwenye akiba na bado ubaki na Sh170,000, bila wadhamini wako kusumbuliwa. Wengi wanaonijia wako upande wa pili wa mizani hiyo. Hatari yako iko kwa wale uliowadhamini wewe, hasa kama ni wenzako wa kiwanda kimoja, maana mkifutwa mtafutwa pamoja. Omba taarifa ya udhamini wako wiki hii, na usiweke sahihi fomu ya mtu mwingine kwa sasa. Angalia pia kama Sacco yenu imo katika orodha ya zilizopewa leseni na SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, orodha ambayo hutolewa kila mwaka.

Unachokosa ni pesa unayoweza kuifikia ndani ya siku mbili. Jumlisha kodi ya nyumba, chakula, nauli na karo ya mwezi mmoja, kisha lenga mara tatu ya hapo. Utakawia, pengine mwaka. Anza na unachoweza na uiweke mbali na simu yako ya kila siku: benki, ambako akiba hadi Sh500,000 inalindwa na shirika la bima ya amana, au mfuko wa soko la fedha (money market fund) uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mfuko huo hulipa zaidi ya akaunti ya kawaida lakini hauna bima hiyo, na faida yake hushuka riba zikishuka. Ningekuwa wewe ningegawa nusu kwa nusu. Mikopo ya simu iache kabisa katika kipindi hiki, hata ile ya shilingi mia tano ya kumalizia wiki.

Kuhusu kazi, ijue sheria kabla ya barua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu za kibiashara atoe notisi ya maandishi ya angalau mwezi mmoja, kwako au kwa chama chenu cha wafanyakazi kama ni mwanachama, na pia kwa afisa wa leba. Anapochagua nani aondoke azingatie muda wa kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Akulipe likizo zako, na fidia isiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilisha. Kwa miaka tisa na Sh48,000, tukihesabu mwezi kuwa siku 30, ni Sh24,000 mara tisa: Sh216,000. Na wale wenzako sita wasidhani neno "kibarua" linafunga mlango. Aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi ana haki zinazokaribia za mwajiriwa wa mwezi, kwa kifungu cha 37. Waambie waende kwa afisa wa leba mapema.

Nawe ukipewa karatasi yoyote inayosema umejiuzulu kwa hiari au huna madai zaidi, usiitie sahihi siku hiyo. Omba nakala, uipeleke kwa afisa wa leba au wakili, ana kwa ana, pamoja na hati zako za mshahara. Hapo ushauri wangu wa kuandika hautoshi, kwa sababu neno moja katika mkataba wako linaweza kugeuza hesabu yote. Na usingizi ukiendelea kukataa kwa zaidi ya wiki mbili, mwone daktari au mshauri nasaha. Nimeona watu wakiuza vitu vizuri kwa bei mbaya kwa sababu tu walikuwa wamechoka.

Sasa yule dalali. Mwombe nakala ya hati miliki na nambari ya ploti, umwambie unataka kwanza kufanya upekuzi katika afisi ya ardhi. Akikuambia hakuna wakati, kwamba kuna mteja mwingine anakuja Ijumaa na pesa taslimu, mpongeze, kisha uende kazini kama kawaida.